Tagi za Bibi Hamisa

Duka letu la stesheneri karibu na stendi ya Mtwara halijawahi kuharibu kazi ya mteja, na mimi ndiye fundi mkuu.

Rehana aliingia katikati ya foleni ya wanafunzi, baibui la kijani, flashi mkononi. Alikuwa akirekodi simulizi za bibi yake, Hamisa wa Mikindani. Kila sentensi aliifungia ndani ya tagi, vile vimabano vya kompyuta, na jina la msemaji likakaa humo humo kwenye kimabano.

"Niondolee vimabano, nataka kitabu," akamwambia mwenzangu Twahiru.

"Na namba yako ya simu niiondoe au niibakize?"

Rehana akasema ibaki. Twahiru akatengeneza stailishiti, faili la maelekezo linaloiambia kompyuta kipi kifutwe na kipi kibaki. Miezi mitatu ya kupigiana simu ikaishia kwenye barua ya posa, ipelekwe Mikindani Ijumaa.

Jumatano Rehana akatuma mazungumzo ya mwisho. Twahiru akayapitisha kwenye stailishiti, akasoma:

*Moyo wako uko kwa nani? Kwa Abdulrahmani. Na mume? Mume ni mume, lakini moyo ni wa Abdulrahmani.*

Bibi anauliza, mjukuu anajibu. Ndivyo alivyoelewa. Akaandika meseji: "Barua haiji. Kaolewe na Abdulrahmani."

Simu ikalia papo hapo.

"Twahiru, una homa?"

"Muulize mwenye moyo wako."

"Abdulrahmani wa korosho za Nanyamba? Amekufa mimi sijazaliwa. Muulizaji ni mimi, huyo ni wa Bibi. Na Babu hajui mpaka leo, kwa hiyo funga mdomo."

Nusu saa baadaye alikuwa dukani, kajifunga mtandio kiunoni.

"Umeniacha kwa wivu wa marehemu?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilipofuka."

"Barua ije kesho."

"Wazee hawajapiga pasi kanzu."

"Waje na mikunjo yao."

Twahiru akacheka, kisha akaikodolea macho kompyuta. "Lakini mstari wa kubakiza majina ya wasemaji niliuweka. Umekwenda wapi?"

"Shemeji," nikamwambia Rehana upesi, "siku hizi kuna virusi vinakula mistari."

Gladness, muuza vitumbua wa mlangoni petu, akageuza kitumbua chake bila haraka.

"Virusi gani, kaka? Si jana ulinikalisha hapo unionyeshe ufundi wako? Ukaufuta mstari mmoja, ukasema Twahiru anajaza nafasi bure."