Kontena la Saa za Watoto

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha lori. Ya pili ilimkosakosa Kipanga sikio.

"Kipanga, uko hai?" Bibi Mkubwa, mkuu wa majasusi, aliuliza redioni.

"Nipo, Chifu."

"Lori lisitoke geti la bandari. Likitoka, kesho zile saa za sumu ziko mikononi mwa watoto."

Kipanga aliruka kutoka kontena moja hadi jingine, bastola ya Glock mkononi, jua la mchana likimchoma kisogo. Chini yake lori lilinguruma. Limesheheni saa za watoto za kuhesabu hatua, mikanda yake laini kama ndewe ya sikio. Ulaini huo ulitokana na kemikali iliyopigwa marufuku. Mkono ukitoka jasho, sumu inaingia mwilini kimyakimya. Kipanga hakuhitaji kusimuliwa. Binti yake alivaa saa kama hiyo mwaka mzima, anaoga nayo, analala nayo, na sasa tezi ya shingo imeharibika. Jamani, mtoto wa miaka tisa anameza vidonge kama bibi kizee!

Akajitupa juu ya lori.

Ngumi moja kwa dereva. Breki. Kimya.

Dalali wa mzigo, jibaba lenye suti ya kijivu, alishuka upande wa abiria akatupa bastola na kunyoosha mikono juu. Kipanga akamtia pingu. Akapitisha kinusi, kile kifaa chake cha kupimia kemikali, juu ya mkanda mmoja. Kikawaka taa nyekundu.

"Umekwisha, mzee."

"Mimi sawa. Na mzigo je?" Dalali alicheka. "Mwaka juzi ulikamata kontena langu, ukavishwa nishani. Hukujiuliza lilikwenda wapi? Mlilipiga mnada, kama kawaida yenu. Mimi sikuuza hata saa moja, ndugu yangu. Mliuza nyinyi."

Kipanga alikitazama tena kile kinusi. Kweli, kila walichokamata kilikwenda mnadani: baiskeli, friji, mabati. Ndiyo sheria. Na kontena lile alilikabidhi mwenyewe, huku akichekelea, kabla binti yake hajavaa saa yake.

"Chifu, hili lisipigwe mnada. Lichomwe moto."

"Moshi wake auvute nani?"

"Basi lizikwe."

"Kwenye visima vya nani?" Bibi Mkubwa alishusha pumzi. "Hatuna pa kulipeleka, mwanangu. Litakaa boharini mpaka wakubwa waamue. Na unajua huwa wanaamua nini."

Alijua. Hasira zilimjaa, na hakuwa na wa kumpiga. Akavaa miwani ya jua, akaelekea getini kwa mwendo wa madaha, askari wa forodha wakimpigia makofi.

Simu ikaita. Binti yake.

"Baba, umewakamata?"

"Wote, mama."

"Haya, kwa hiyo nimepona?"

Kipanga alisimama pale getini. Malori yakampigia honi, asisogee.

"Baba? Si nimepona?"

"Vidonge vya mchana," alisema, "umeshameza?"