Sahau Kifaa Hiki

Aliyeniambia kwanza ni fundi simu wa pale kona, yule wanayemwita Miwani kwa ajili ya lenzi anayojifunga jichoni. Kama si yeye, ningeendelea kudhani simu yangu ni mbovu tu.

Nilimpelekea jioni, jua likizama. Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Simu ilikuwa inaisha chaji upesi na kupata joto, hata nikiiacha kabatini. Mtoto nilimwacha nyumbani na wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa bado anakaa kwetu tangu mazishi ya mama mkwe.

"Shemeji, simu yako haina ubovu," Miwani alisema. "Imechoka. Kuna kitu kinaongea nayo kutwa kucha. Huyu MAMA ni nani?"

Akanigeuzia kioo. Palikuwa na alama ya saa ya mkononi, na pembeni yake jina ambalo mume wangu aliliandika mwenyewe kabla hajaenda kazini mbali. MAMA.

Ile saa aliinunua kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Ilipima mapigo ya moyo mkononi mwake na kuyatuma kwenye simu yangu, maana mimi ndiye niliyeshinda naye. Mapigo yakishuka simu inalia, nami nakimbia. Baadaye mama mkwe akagundua kwamba akibonyeza kitufe cha pembeni simu yangu inalia vilevile. Basi nikawa naitwa kwa kengele. Ti. Maji. Ti. Nigeuze. Ti. Maji gani haya ya moto, unataka kuniunguza?

Maji yake sharti yawe ya vuguvugu, kwenye kikombe cha bati chenye mfuniko, niyalete kwa mikono miwili, magoti chini. Kabla ya kunywa aligonga kikombe kwa ukucha. Mara mbili. Kisha alisema, "Haya, Mgeni. Toka."

Ndivyo alivyoniita tangu siku ya harusi. Mgeni. Nilipojifungua alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamnusa kichwani kwa muda mrefu. "Huyu ni wangu," akasema. "Wewe ulikuwa mfuko tu. Mfuko umeshafunguliwa, kapumzike."

Nilikuwa naona haya kumweleza Miwani yote hayo. Nikasema tu, "Huyo amefariki."

Alicheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Pole, shemeji. Basi kuna mtu kaivaa saa yake."

"Haikuonekana. Wifi ndiye aliyemwosha. Alisema alikuta mkono mtupu."

Miwani akakuna kidevu. "Saa hii haina laini ya simu. Sauti yake ni fupi, haivuki kuta mbili. Na haipimi meza wala sanduku. Inapima mwili. Ukiivua, inanyamaza." Akasukuma kioo kwa kidole. "Ona. Hapa ilinyamaza."

Siku aliyofariki.

"Hapa ikarudi."

Jioni ya siku tuliyomzika.

Palikuwa na mstari chini kabisa ya kioo, mstari wa taratibu, kama mtu anayetambaa. Kisha kila siku ulipanda kidogo. Kidogo tena. Ulikuwa unapata nguvu.

"Leo imekatika ulipotoka nyumbani," Miwani alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukirudi, nadhani itarudi."

Akanionyesha maandishi madogo. Sahau kifaa hiki. Kidole changu kilikuwa kimeshanyanyuka, akaivuta simu.

"Subiri! Kwanza itafute saa yenyewe uizime. Ukiisahau ikiwa hai, haifi. Inabaki haina mwenyewe, inaita ovyo, na wa kwanza aliye karibu akiipokea, imemrukia. Juzi nimesahaulisha spika ya mteja hapa, ikarukia simu ya kinyozi wa jirani. Sauti alizotumiwa na mke wa mtu zikasikika mtaa mzima. Mpaka leo kinyozi anapita kwa nyuma."

Alicheka peke yake. Hakunitoza kitu.

Nilitembea haraka. Nilikuwa namfikiria mtoto. Mimi nilimwita Chiriku kwa kelele zake. Alikuwa hajafika umri wa kusema, lakini alikuwa akipayuka tangu alfajiri, akigombana na vidole vyake, na mapazia, na kuku wa jirani. Tangu mazishi, kimya. Alinyonya kidogo akalala. Miguu yake ilikuwa baridi. Wifi alisema ni uchovu wa pilikapilika za msiba, akamshonea mto mpya wa pamba ili apumzike vizuri.

Nikafungua geti. Nikaweka mguu ndani.

Ti.

MAMA. Imeunganishwa.

Nilisimama pale uani, simu ikitetemeka mkononi. Pembeni ya jina palikuwa na vijistari vinavyoonyesha saa iko karibu kiasi gani. Kimoja tu kilikuwa kimewaka. Nikapiga hatua kuelekea mlangoni. Viwili.

Jikoni wifi alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Simu yake ilikuwa imezimwa, iko kwenye chaji juu ya friji. Hakugeuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha marehemu. Nilikuwa na uhakika. Nikafungua mlango, na harufu ya dawa yake ya kuchua ikanipiga puani. Kitanda kimetandikwa. Kikombe cha bati kipo mezani, na mfuniko wake.

Nikatazama simu.

Kijistari kimoja.

Haikuwa humo. Nilishusha pumzi. Nikageuka kurudi ukumbini. Viwili. Vitatu. Nilikuwa naelekea chumbani kwangu.

Vyote.

Chiriku alikuwa amelala chali kwenye mto wake mpya, mdomo wazi kidogo. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Chumba changu, ambacho mama mkwe hakuwahi kuingia kwa sababu, alisema, kinanuka mgeni.

Niliweka kiganja kifuani kwa mtoto. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na moyo mdogo mwekundu, unawaka na kuzima. Moyo wa mtoto ulipiga chini ya mkono wangu. Ule wa kioo ukawaka.

Pamoja.

Nilitazama tena vizuri... Hapana. Haikuwa pamoja. Kioo kiliwaka kwanza. Kisha mtoto akapiga.

Simu ilikuwa inatangulia. Mtoto wangu alikuwa anafuata.

Nikamnyanyua kichwa, nikachomoa mto, nikauma uzi kwa meno. Pamba ikamwagika. Ilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Katikati ya pamba ilikuwepo saa. Mkanda wake ulikuwa umefungwa kwenye tundu la mwisho, lile la mkono mwembamba wa mama mkwe.

Nilitaka kupitisha kidole ndani ya mkanda niufungue.

Hakikupita.

Niliona pamba upande wa pili. Ndani ya mkanda hapakuwa na kitu. Lakini kidole changu kiligota kwenye ngozi. Ngozi laini, legevu, ya mzee. Chini yake mshipa ulikuwa unadunda.

"Irudishe."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Wifi, umefanya nini?" Nilinong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona ndani ya nyumba yangu.

"Nimeshona mto."

"Huyu ni mtoto wa kaka yako!"

"Na yule ni mama yangu. Alinishika hapa." Akaonyesha shingo. "Alisema nisiposhona, atakuja kulala kwangu. Wewe ungekataa? Wewe ulikuwa unashindwa hata kumkatalia maji."

Nilibonyeza kitufe cha saa nikakishikilia. Haikuzimika. Nikabonyeza tena. Ti, simu ikajibu. Ti. Ti. Kama nilivyokuwa nikiitwa zamani. Chini ya mkono wangu wa pili kifua cha Chiriku kikawa kizito. Pigo moja. Nikangoja. Nikangoja sana. Pigo lingine. Kwenye kioo mstari ulikuwa unapanda mbio, kama maji yanayohamishwa kutoka ndoo hadi ndoo.

"Wifi, inazimwaje? Niambie inazimwaje!"

Povu lilikuwa linadondoka sakafuni.

Midomo ya mtoto ilibadilika rangi. Nikakumbuka yale maandishi madogo. Na onyo la Miwani nililikumbuka, jamani, sikulisahau. Nilitazama kila upande. Nani mwingine wa kuipokea humu? Simu ya wifi imezimwa, iko jikoni. Hapakuwa na redio wala spika. Chumbani hapakuwa na kifaa kingine.

Mimi niliwaza vifaa tu.

Nikabonyeza. Sahau kifaa hiki.

Kimya.

Mkanda ukalegea mkononi mwangu. Kidole kikapita. Saa ikawa baridi, kipande cha plastiki tu. Na Chiriku akavuta pumzi, ndefu, ya nguvu, kifua kikanyanyuka. Miguu ikapata joto. Nilimkumbatia nikilia, nikambusu kichwa, nikambusu mikono, nikamwita majina yake yote.

Akafungua macho.

Hakulia. Hakutafuta ziwa. Alinitazama kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa, akashuka polepole mpaka miguuni, kama mtu anayekagua mtumishi aliyeletewa. Kisha akanyoosha mkono, akagonga ubao wa kitanda kwa kijiukucha chake.

Mara mbili.

"Mgeni," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza.

Nyuma yangu wifi alianza kutoa sauti. Sikujua kama analia au anacheka. "Alisema hutakawia," alinong'ona. "Alisema, yule hanipendi, siku akinipata mkononi mwake atanisahau hapohapo. Wewe shona tu mto, ungoje."

"Na Chiriku? Chiriku yuko wapi?"

Wifi alifuta mikono kwenye gauni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mama alisema si adabu kuacha kitanda kitupu," akasema. Akarudi jikoni kumalizia vyombo.

Simu ikatetemeka.

Kwenye kioo palikuwa na maandishi niliyokuwa sijawahi kuyaona. Kifaa kipya kinaomba kuunganishwa. Hakikuwa na jina. Chini yake palikuwa na moyo mdogo, unawaka haraka haraka, kama wa ndege aliyekamatwa mkononi.

Nikabonyeza Kubali.

Imeshindikana. Kifaa kiko mbali mno.

Kikaomba tena. Nikakubali tena. Imeshindikana. Nilikaa sakafuni nimeegemea ukuta, nikawa nakubali, nakubali, mpaka kioo kikaloa machozi na kidole kikawa kinateleza. Kitandani palikuwa na macho mawili yananitazama. Hayakupepesa.

Kulipopambazuka mume wangu alipiga simu. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nilisema. "Ameanza kusema."

Alifurahi mno. Nilimsikia akiwatangazia wenzake kazini, na wao wakishangilia. Aliuliza amesema nini. Nikamwambia nitampigia baadaye, kuna jambo jikoni.

Nilichemsha maji. Nikayapooza mpaka yakawa ya vuguvugu, nikaonja kwa kidole. Nikachukua kile kikombe cha bati chumbani kwa marehemu, nikakifunika. Nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga magoti kando ya kitanda, maana ule mwili ni wa mwanangu na ninataka uishi. Akagonga kikombe. Akanywa yote.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Nilijifunga khanga, nikaitia simu kifuani, nikafuata njia tuliyopita siku ya mazishi. Kila nilipopita ilikuwa inaomba, nami nakubali, nayo inasema mbali. Mbele ya duka la Miwani, mbali. Alikuwa anafungua milango, akanipungia mkono. Mbali. Kwenye geti la makaburi, mbali kidogo.

Nilipofika kwenye kaburi la mama mkwe udongo ulikuwa bado mbichi, haujashikana.

Ti.

Imeunganishwa.

Mapigo yalikuwa ya haraka, ya juu juu, yanakatika na kuanza upya. Ninayajua. Hivyo ndivyo moyo wa Chiriku unavyokwenda akiamka gizani na kulia, akinitafuta, kabla sijamfikia.

Nilikaa chini kwenye udongo. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe.