Hodi ya Mita Tisini

Saa sita mchana ubavu wa nyambizi uligongwa mara sita, na ndani walikuwemo watu watano.

Juu, ndani ya meli ya uokozi, Bashayer akahesabu tena kichwani. Agizo lilikuwa jepesi: kila nusu saa, kila aliye hai agonge mara moja, basi. Nyambizi ile ya utafiti ilikuwa imelala mita tisini chini, mkabala na ufukwe wa Qurum, pale matajiri wanapokunywa kahawa wakiitazama bahari kama televisheni. Mmoja wa watano wale alikuwa Khalil, mdogo wake.

"Echo hiyo," alisema Aws, mkuu wa uokozi. "Relax, ukhti."

Ukhti alikuwa na digrii ya uhandisi, first class, na miaka minne ya "tutakupigia". Hata kibarua hiki cha kuvaa hedifoni na kusikiliza sauti za chini ya bahari kapewa kwa kuwa ndugu yake yumo. Mwangwi anaujua. Mwangwi haungoji wenzake wamalize ndipo ugonge, taratibu, kama mgeni mlangoni.

Kisha chumba kikanukia udi. Melini mle hamna hata chetezo.

Akampigia simu mama yake, nyumbani kwao Ghubra. Bi Mahfoudha hakupiga kelele, alinong'ona. "Nnakwambia mwanangu, ukipigiwa hodi na usiyemuona, usimkaribishe. Mwambie ataje jina lake na la babake. Wale hawana baba wa kumtaja."

"Mama, huku tuna sonar."

"Haya, sonar na imuulize."

Saa nane chombo cha uokozi, chenye viti vitano, kilishuka kikanasa juu ya mlango wa nyambizi. Ndani taa zimezimika, maji yamefika magotini, hewa imechacha, wanaume wamelegea hata hawajuani. Simu ya mlangoni ikakwaruza kwenye hedifoni, na sauti ya Khalil, Khalil mwenyewe, ikasema polepole, "Hodi."

Na Bashayer, ambaye kwao hodi haijapata kuachwa bila jibu, ambaye tangu jana hajala kwa kumuwaza mdogo wake, akamsahau mama, akausahau udi, akaisahau hata ile hesabu, na machozi yakimtiririka akajibu, "Karibu, habibi, karibu."

Wakapandishwa watano. Aws aliwahesabu kwa sauti, akapiga makofi. Khalas, viti vimejaa, watu wametimia. Khalil akatoka wa mwisho, suruali kavu mpaka kwenye pindo, akaja moja kwa moja akamkumbatia dada yake, naye akanukia udi, na hapo hapo ile hedifoni iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa Bashayer, ambayo katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaleta pigo moja tu, dogo, la mtu aliyechoka, na nyuma yake sauti.

"Dada. Ni miye, Khalil bin Harub. Mbona mmefunga?"

Mkono baridi ukaivua hedifoni shingoni mwake, taratibu.

"Mimi ushanikaribisha," alisema yule wa juu. "Twende kwa mama."