Mkono Ndani ya Yai

Ilianza na vidole vinne. Waruguru aliviona Jumanne asubuhi, kwenye picha, begani pa mzee mmoja wa Gatongora aliyekuwa azikwe Ijumaa, na hakushtuka hata kidogo. Mtu anayetengeneza vijitabu vya mazishi huona vidole kila wiki. Familia zetu hazina picha ya mtu mmoja. Marehemu akihitajika peke yake, huchomolewa kwenye picha ya harusi ya mpwa wake, na mkono wa mtu hubaki begani pake hata uhangaike vipi.

Duka lilikuwa Makongeni, Thika, chumba kimoja tu, Waruguru kwenye kompyuta na Kyalo kwenye printa. Kwa miaka saba walikuwa wametumia faili moja kwa marehemu wote. Jalada lilikuwa na umbo la yai, na picha ilikaa ndani ya yai hilo. Wasiojua kazi hii hudhani kwamba picha ikitiwa ndani ya umbo, kilichozidi kinakatwa. Hakikatwi. Kinafichwa tu, kiko palepale nyuma ya ukingo, kizima. Na kwa kuwa Waruguru alikuwa mtu wa haraka (mimi sisemi mvivu, Kyalo ndiye aliyesema), hakuwahi kumtoa marehemu wa zamani. Alimsukuma kando mpaka asionekane, akamtumbukiza mpya, akaprinti, akasahau. Wafu wa miaka saba walikuwa wamerundikana mle ndani, na wenyewe huko nyumbani wakidhani wamewapumzisha.

Alisogeza yai kidogo, vidole vikatoka. Akaenda kumimina chai. Aliporudi vilikuwapo tena, safari hii vitano, na kiganja.

Akaifungua picha yote aone ni mkono wa nani. Mzee alikuwa amesimama peke yake katikati ya shamba lake la kahawa, na hapakuwa na mtu hatua kumi kila upande.

"Kyalo, hebu kuja uone hii."

Kyalo alikuja akatazama. "Mkono uko wapi sasa?"

Haukuwapo. Waruguru akamrudisha mzee ndani ya yai, nao mkono ukarudi. Wakatazamana. Kisha Waruguru akafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye mteja mlangoni angefanya: akabandika shada la maua juu ya lile bega, akaprinti.

Alhamisi alikuwa na kazi yake mwenyewe. Binti yake Lynn alikuwa anatimiza miaka sita Jumapili, na alitaka kadi za kuwaalika marafiki Kamakis wakale nyama. Faili ilikuwa wazi, yai lilikuwa tayari.

"Wacha bwana, tengeneza ingine," Kyalo alisema. "Hiyo ni ya maiti."

"Ni yai tu, Kyalo. Wacha ushamba."

Akamtumbukiza mtoto.

Saa kumi Lynn aliingia kutoka shule akiwa amelalia upande wa kushoto, bega limeshuka. Hakwenda kwenye kiti chake cha kawaida.

"Mum," alinong'ona, "ni nani amenishika?"

Waruguru alimvua sweta. Begani palikuwa na alama tano zilizopauka, na ngozi ya hapo ilikuwa baridi, naye akanusa udongo mbichi, ule udongo mwekundu wa shimo lililochimbwa asubuhi, hapo katikati ya wino na karatasi. Akageukia kompyuta. Kwenye kadi, Lynn alikuwa akicheka kama kawaida yake, na ule mkono ulikuwa umetulia begani pake. Waruguru aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Daktari alisema ni misuli. Waruguru alishukuru, akanunua dawa ya kuchua, na usiku wote alimlaza mtoto kifuani. Asubuhi alama zilikuwa zimesogea karibu na shingo.

Lynn alipoenda shule, mama yake alikimbilia dukani. Alimchomoa ndani ya yai na kumfuta. Simu ikalia papo hapo.

"Mama Lynn?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Wilkister. "Mtoto ameanguka, aki ya Mungu, hapumui vizuri..."

Waruguru akairudisha picha ndani kama ilivyokuwa, na kwenye simu akamsikia mtoto wake akivuta pumzi kwa nguvu na kuanza kulia.

Mchana, Lynn akiwa ameshaletwa dukani kutoka shule, Kyalo alimleta shangazi yake, Syokau, mama wa maombi kutoka Ithanga, ambaye hakuwahi kushika kompyuta na wala hakutaka kuanza leo. Alimketisha Lynn kwenye kiti, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Maiti wote waliopita humu uliwatoa lini?" aliuliza.

"Sikuwatoa, Auntie. Nilikuwa nawaficha tu."

"Wuui." Syokau alishika kichwa. "Hii ni jini, na wewe ndiye umemfuga. Kila wiki unamletea mtu, unamfungia mlango. Amezoea. Sasa umempa mwenye pumzi."

"Nimpe mwingine basi? Kuna marehemu wa leo, bado sijamweka..."

"Jaribu."

Alijaribu. Alimweka marehemu juu ya Lynn, na mkono haukusogea. Ulipenya picha yake na kutokea mbele ya uso wa maiti, ukabaki umeng'ang'ania pale pale alipokuwa mtoto. Syokau akaanza kuomba kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, na kadiri alivyoomba ndivyo kucha zilivyoanza kukwaruza, si ukutani wala mlangoni bali nyuma ya kioo chenyewe, polepole kwanza, kisha kwa wingi, kana kwamba wote waliofichwa mle kwa miaka saba wameamka na wanatafuta ukingo wa yai, na harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka Kyalo akafunika pua, na Lynn, ambaye alikuwa amefumba macho, akafungua kinywa akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kusinzia:

"Anasema wako wengi, lakini bado kuna nafasi."

Syokau aliacha kuomba. "Atatoka kwa mtoto," alisema polepole, "akipata mwingine mwenye pumzi. Mimi sitakuambia ufanye hivyo."

Hakuhitaji kuambiwa. Waruguru aliinua simu, akajipiga picha bila hata kupanga kitambaa kichwani, akaituma kwenye kompyuta. Kyalo alitaka kumzuia, akachelewa. Waruguru akajitia ndani ya yai, juu ya binti yake, akasubiri.

Kucha zilinyamaza. Mkono uliachia. Waruguru akamtoa Lynn taratibu, macho yakiwa kwa mtoto, na mtoto hakuanguka. Alinyoosha bega, akapiga miayo, akauliza kama kuna mandazi.

Syokau alilia. Kyalo alichomoa waya wa kompyuta ukutani. Waruguru alisema yuko sawa, akawashukuru, akachukua mkoba wa shule wa Lynn.

Walitembea kwenda nyumbani kabla jua halijatua, Lynn akiruka madimbwi, mama akifuata nyuma kwa hatua fupi, amelalia upande. Kitu kizito kilikuwa kimetua begani pake tangu dukani. Walipofika kwenye kona ya kinyozi, kikaanza kushuka kwenye mkono wake, taratibu, mpaka kiganjani.

Lynn aligeuka akamwona amesimama.

"Mum, umechoka? Nikushike mkono?"

Akaja mbio upande wa kushoto, mkono umenyooshwa. Waruguru alirudi nyuma kwa haraka iliyomshtua mtoto.

"Pitia huku kulia, mami," alisema. "Huo mwingine umeshikwa."