Kiganja Cheupe kwenye Kabati

Kabati lilipakwa vanishi jana yake, likalala likimetameta kama kioo. Asubuhi mlango wake wa kulia ulikuwa na kiganja. Kiganja cheupe, vidole vitano vimetandazwa, kimekaa ndani ya vanishi yenyewe, mahali ambapo hata ukucha haufiki.

Msumeno, mpasua mbao wa karakana ile, alikisugua kwa kitambaa, akakitemea mate, akasugua tena.

"Hakitoki," alisema. "Halafu kinanitazama."

"Kiganja kina macho?" Dada Mkubwa alimkemea. Karakana aliirithi kwa baba yake, na hakuwa mtu wa kuchezewa. "Msasa! Nani kagusa kazi yako?"

Msasa, mdogo wake, ndiye fundi wa vanishi, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikitazama kiganja, akatia mikono mifukoni. "Sijui, dada."

Niseme mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji: alijua nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyomtisha.

Wiki ile meza ikatoka ukungu mweupe. Vitanda viwili navyo vikafuata. Na kila saa saba mchana, watu wakiwa wanakula uani, stoo ya vanishi ilitoa sauti ya kitu kinachomeza: gubu, gubu, gubu, kisha pumzi ndefu. Harufu ya spiriti, ile wanayozimulia vanishi, ikaanza kutembea. Leo iko kwenye pazia, kesho kwenye mto wa kulalia.

"Jini," Msumeno alinong'ona. "Tena jini mlevi. Afadhali angekuwa wa kufagia."

Dada Mkubwa hakucheka. Alikuwa akitazama dirisha la chumba cha pembeni, ambako mke wa Msasa alishona mito ya makochi. Mama wa huyo mke aliwahi kujifungia ndani miezi minne, hali, haogi, hasemi na mtu, mpaka alipopelekwa hospitali akatibiwa, akapona. Watu wanasimulia kujifungia tu. Kupona hakuna anayekusimulia. Upuuzi mtupu!

"Wifi," Dada Mkubwa alimwita. "Kabla hujaingia hapa tulikuwa na amani."

"Nimefanya nini, wifi yangu?"

"Wewe hujafanya. Kilichokufuata ndicho kinachofanya. Kesho namwita mganga. Akisema ni chako, utarudi kwenu nacho."

Mke alimgeukia mumewe. Msasa alikuwa akitazama viatu vyake.

Mchana huo Msasa alijifungia stoo. Alijiambia ni mara ya mwisho, kama alivyojiambia jana na juzi, akachota spiriti kwenye dumu kwa kikombe cha bati, akafumba macho akanywa, na alipokishusha kikombe akasikia nyuma yake kitu kikiendelea kunywa, gubu, gubu, polepole, kwa raha, kwa koo linalofanana na koo lake, na akataka kugeuka shingo ikakataa, na pumzi ikamfikia sikioni ikiwa na harufu ya kinywa chake mwenyewe, na sauti yake mwenyewe ikamwambia kwa upole, jaza maji, jaza maji wasijue, na mikono yake, bila kumuuliza, ikachukua ndoo ikajaza.

Fundi yeyote anajua kwamba maji yakiingia kwenye spiriti, vanishi hutoka ukungu. Msasa alijua kuliko wote. Bado alijaza, kila siku, karibu mwaka mzima, kidogo kidogo, mpaka wiki ile maji yakaizidi spiriti.

Mganga alifika asubuhi. Mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi. Alilinusa kabati, akagonga mlango mara mbili.

"Kila mtu aweke kiganja juu ya hiki."

Mke alianza. Vidole vyake vilikuwa vifupi. Cha Dada Mkubwa kilikuwa kipana mno. Msumeno akaweka chake chenye kidole kilichokatika. "Mimi nina ushahidi," alisema.

Akabaki Msasa, mikono mifukoni.

"Huyo mwache, ni kazi yake," alisema Dada Mkubwa. "Sema tu, jini ni la wifi."

Mke hakusubiri. Aliingia chumbani kwake akaanza kufunika cherehani, akivuta kitambaa pole pole, kona kwa kona, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Hapo Msasa alitoa mkono mfukoni. Ulitetemeka mpaka Msumeno akatazama pembeni. Akauweka juu ya kiganja cheupe. Vikalingana, kidole kwa kidole.

"Ni mimi. Nakunywa spiriti, najaza maji. Ukungu unatokana na hayo. Lakini kiganja… haki ya Mungu, dada, sikumbuki kukiweka."

"Ukaniacha nimfukuze mkeo?"

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa naona zaidi."

Mganga alifunga mkoba wake. "Mimi natoa majini. Hili limeshajenga mwilini. Hiyo spiriti ni sumu, inapofua macho, inaua. Na ukiacha ghafla bila daktari, degedege litakumaliza. Hospitali. Leo."

"Huna dawa yoyote?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Ningekuwa tapeli ningekuuzia."

Alikaa hospitali wiki tatu. Alitetemeka, aliona wadudu ukutani, alilia mbele ya wagonjwa wenzake, nao walilia mbele yake. Aliporudi akapewa randa, mbali na vanishi, na ufunguo wa stoo ukaning'inia shingoni kwa mkewe. Dada Mkubwa alimwomba wifi yake radhi hadharani, jambo ambalo Msumeno hajaliamini mpaka leo.

Mchana mmoja mke alimpelekea mumewe chakula. Stoo ilikuwa imefungwa. Msasa alikuwa mbele yake, kijiko mkononi. Ndani ya stoo kitu kikameza: gubu, gubu, gubu.

Mke aliweka sahani chini. "Umesikia?"

Zamani Msasa angesema ni panya.

"Nasikia kila siku," alisema. "Saa saba. Linaniita kwa sauti yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo nakuambia."

Mke akavuta kigoda, akakaa, akauegemeza mgongo wake kwenye mlango wa stoo.

"Njoo ule hapa," alisema. "Litusikie tukitafuna."

Msasa akaketi karibu yake. Nyuma ya migongo yao, mlango ukavuta pumzi ndefu, ukasubiri.