Nani Kamchoma Sadallah?

"Sadallah! Unapima nini nyuma ya nyumba yangu?"

Kijana alishtuka, futi ikamponyoka, ikajikunja kwa kasi na kumgonga kidole. Alikuwa amechuchumaa karibu na choo, penseli sikioni, karatasi imebanwa kwapani.

"Shikamoo, mama. Sikujua kama umerudi."

"Marahaba. Nimekuuliza unapima nini."

"Ah, kitu kidogo tu, mama."

"Kitu kidogo kinaanzia ukutani kwangu mpaka kwa jirani?"

Sadallah akacheka kwa haya, akaangalia chini. "Nisamehe mama, mie siruhusiwi kulisema. Mjomba wangu anakuja Jumamosi kutoka Ngazija. Yeye ndiye atalisema."

Zubeda hakucheka. Beseni la vitumbua bado lilikuwa kichwani. Nyumba ile ya Mbagala, vyumba viwili na kipande cha uwanja, ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hiyo na Munira, mtoto wake mmoja wa kuzaa, mwalimu wa chekechea. Na huyu kijana anayenunua vitanda na makabati Keko kwa fundi Polikarpo na kuyasafirisha kwao visiwani ndiye aliyekuwa anataka kumuoa Munira. Sasa anapima na uwanja.

Kijana alipoondoka tu, Zubeda akavuka kwa jirani yake Yuliana, aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni.

"Shoga, mkwe wako huyo ana ishu," Yuliana alisema baada ya kusikia. "Mwanaume akianza kupima kiwanja chako, ujue mteja keshampata."

"Usinitishe, Yuliana."

"Mie nakutisha? Bungeni ndiko wanakokutisha. Hujasikia muswada wa visiwa? Wiki hii wanaumaliza. Tunataka kuwa karibu na majirani zetu wa visiwani. Meli kila wiki, ubalozi mdogo, na mwanamke aliyeolewa na mtu wa kule anapewa kibali cha kuishi kwa mumewe. Haulizwi mara mbili!"

"Na mwanaume wa kule aliyeoa huku?"

"Hapo sikusikiliza vizuri, shoga. Mchuzi ulikuwa unaungua."

Zubeda akakaa chini kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Alikuwa na mdogo wake, Tunu. Tunu alikwenda Ngazija kuuza madera, miaka hiyo Munira hajaota hata meno. Kutoka kule akapanda boti ya magendo kwenda kisiwa kingine. Boti haikufika. Hawakupata mwili wala kandambili. Mama yao aliendelea kumwekea Tunu sahani kila futari mpaka naye akafa. Tangu hapo Zubeda hata Kigamboni hapandi kivuko, anazunguka darajani.

Jioni ile alimsubiri Munira avue viatu tu.

"Mkishaoana mtakaa wapi?"

"Mama, hata salamu?"

"Jibu."

"Sadallah anasema hilo litasemwa na mjomba wake. Kwao mambo ya nyumba hayasemwi na kijana, yanasemwa na mjomba. Ndio heshima yao."

"Heshima gani hiyo ya kunificha mtoto wangu anapelekwa wapi?"

"Nani kasema napelekwa?"

"Muswada umesema!"

Munira akacheka, akamkumbatia mama yake shingoni. "Mama jamani. Muswada haunijui hata jina."

Kicheko kile ndicho kilichomuogopesha zaidi. Hata Tunu alicheka hivyohivyo siku anafunga begi.

Sasa kulikuwa na siri moja aliyoijua Zubeda peke yake. Siku ya Idi alimuuliza Sadallah mbona hakwenda kwao kusherehekea. Kijana akainamisha kichwa. "Mama, nikitoka sitarudi. Kibali changu kimeisha tangu mwezi wa tatu. Nimeomba kingine, naambiwa subiri, subiri. Sasa nangojea hiyo sheria mpya. Nakwambia wewe tu. Hata Munira hajui, sitaki akose usingizi."

Nakwambia wewe tu. Zubeda alikuwa ameitunza siri ile vizuri kabisa. Lakini sheria hiyo sasa aliiona ndiyo itakayomchukulia Munira. Asubuhi ya Jumatano, vitumbua vinaungua kwenye chuma na yeye hasikii harufu, alichukua simu. Namba ya Uhamiaji aliipata kwenye tangazo lililobandikwa serikali ya mtaa. Akaandika kwa kidole kimoja:

"Kuna kijana wa Ngazija jina Sadallah yupo Keko kwa fundi Polikarpo. Kibali kimeisha mwezi wa 3. Mie raia mwema."

Haikupita hata nusu saa, jibu likaja: "Taarifa imepokelewa. Asante kwa ushirikiano."

Alijiambia wanamrudisha kwao tu. Hapigwi, haumizwi. Munira atalia wiki mbili, atanyamaza, atapata mwingine wa hapahapa Temeke. Alijiambia hivyo huku akimwaga unga wote nje ya sufuria.

Mchana simu ikalia.

"Mama! Mama wamemchukua!"

"Nani? Tulia, Munira."

"Sadallah! Wamekuja Keko na gari, wamemtaja jina! Wanasema hana kibali! Mama, mtu kamchoma. Wamejua mpaka mwezi kibali kilipoisha. Hata mie nilikuwa sijui!"

"Basi... basi mwanangu. Njoo nyumbani."

"Siji! Nampata leo aliyemchoma."

Na akaenda kumtafuta. Zamani Munira aliwahi kuwa na Jamali, fundi wa kupaka vanishi hapohapo Keko, wakaachana kwa ugomvi. Alimkuta barabarani, brashi mkononi, akamzaba kofi mbele ya mafundi wote.

"Umeridhika sasa?"

"Munira, una wazimu? Nimefanyaje?"

"Umemchoma mchumba wangu!"

"Mie nina mke na mapacha, nimchome Sadallah anipe nini? Jana tu nimekula naye wali hapa!" Jamali alishika shavu, macho yamejaa maji. "Mtafute mtu aliyekuwa anaijua siri yake. Mie hata kibali sikijui kinafananaje."

Munira alimsimulia mama yake hayo yote akilia mapajani mwake. Zubeda alikuwa anampapasa nywele. Kila neno la mtoto lilikuwa linamkaribia. Mtu aliyekuwa anaijua siri yake. Kwani ni wangapi hao?

Alhamisi walipeleka chakula mahabusu. Waliingizwa mmoja mmoja. Zubeda alipoingia, Sadallah alisimama upande wa pili wa nondo, amevuliwa mkanda, suruali ameishika kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

Zubeda akainama, akaweka hotipoti sakafuni.

"Munira kaniuliza ni nani aliyekuwa anajua," Sadallah alisema taratibu. "Nimemwambia wengi. Nimemwambia nilikuwaga naropoka ovyo kwa watu wa Keko."

"Sadallah..."

"Wewe ni mama wa mke wangu. Siwezi kukutia midomoni mwa watu." Akapokea hotipoti kupitia chini ya nondo. "Ila nilitamani nijue. Nilikukosea nini?"

Zubeda alitoka mle bila kujua ametoka vipi. Munira akamuuliza nje, "Amesemaje?" Akajibu, "Ameshukuru kwa chakula." Usiku na mchana vikawa kitu kimoja. Akisikia pikipiki imesimama nje, anajua wamekuja kumwambia Munira. Akisikia Munira anamwita "mama", anaangusha alichoshika.

Jumamosi mjomba akafika. Mzee Anwar, kanzu nyeupe, wanawake wawili wa Kingazija nyuma yake na sinia la halua na marashi. Alipoambiwa habari pale mlangoni, alijishikiza ukutani. Lakini hakugeuka.

"Bibi Zubeda, nilitumwa neno, na nitalisema hata kama mwenyewe yuko ndani. Kwetu Ngazija bibi harusi hatoki kwao. Mume ndiye anayehama, anamfuata mke nyumbani kwa mama yake. Nyumba ni ya mwanamke. Baba au kaka ndiye humjengea. Huyu binti yetu hana baba wala kaka, kwa hiyo Sadallah akaniomba ruhusa amjengee yeye. Vyumba viwili na jiko, nyuma ya nyumba yako hapa. Nimekuja kukuomba kipande hicho cha uwanja. Hati ibaki kwa jina lako."

Mmoja wa wale wanawake alikuwa analia bila sauti.

"Alikuwa... anapima..." Zubeda alisema.

"Ndiyo. Alinitumia michoro. Dirisha la jiko litazame kwako, ili mwanao akipika umwone."

"Na sheria? Hiyo ya bungeni?"

"Imepita jana," mzee alisema. "Imebaki kutiwa saini. Ingempa kibali cha kuishi hapa kwa mkewe. Lakini aliyekwisha kupewa amri ya kuondoka hahesabiwi mpaka ipite miaka mitatu. Kijana wetu amri kapewa Alhamisi. Zilibaki wiki chache tu, bibie. Angekamatwa na nani, kama si huyo aliyemtaja?"

"Tusikate tamaa," Munira alisema, akafuta macho kwa kitambaa chake cha kichwani. Mkononi alikuwa na kikaratasi alichopewa na afisa. "Wamenipa namba ya kutuma maelezo ya familia. Mama, nipe simu yako, yangu imezima."

Zubeda alitaka kusema haina salio. Alitaka kusema imeharibika. Mkono ukachelewa, Munira akawa ameshaiokota mkekani.

Akaandika namba, tarakimu baada ya tarakimu. Alipomaliza ya mwisho, simu ikamfungulia yenyewe mazungumzo ya zamani.

Munira alisoma. Akasoma tena.

"Mie raia mwema," alitamka polepole.

"Munira, mwanangu..."

"Nimempiga Jamali kofi, mama."

"Niliogopa. Niliogopa bahari. Tunu..."

"Nimempiga mtu kofi mbele za watu, na wewe ulikuwa unanipapasa nywele!"

Zubeda alipiga magoti mbele ya binti yake, mbele ya wakwe, kanga imemvuka kichwani. Mzee Anwar aliinuka, akageuzia uso ukutani ili asimwone mtu mzima akiwa hivyo. Ilikuwa heshima, na iliuma kuliko matusi.

Jumatatu Sadallah alipandishwa ndege. Jumatano ndoa ikafungwa, palepale sebuleni kwa Zubeda, bwana harusi hayupo. Baba mdogo wa Munira, Twalib, alishikana mkono na mzee Anwar, wakili wa Sadallah. Simu iliwekwa juu ya mto, spika imefunguliwa ili kijana asikie ndoa yake. Mzee Anwar alipotamka kukubali kwa niaba yake, upande wa pili ilisikika pumzi tu, halafu mtu akilia. Hakuna aliyepiga vigelegele mpaka Yuliana akajitolea, na sauti yake ikamkatikia katikati.

Ijumaa Munira akafunga begi la kwenda Ngazija. Wiki nzima hakuwa amemwambia mama yake neno zaidi ya "chumvi" na "kopo". Mlangoni alisimama.

"Ulikuwa unaogopa nisiende," alisema. "Nilikuwa sina pa kwenda, mama. Wewe ndiye umenipa pa kwenda."

Akaingia kwenye bajaji.

Mama mwenzangu unayesoma hapa na binti yako anajiandaa kuolewa na mtu wa mbali, muulize kijana, muulize na mjomba wake, uliza hata kama unaonekana mjinga. Usikae na hofu peke yako jikoni halafu ukaipa simu. Zubeda aliilinda nyumba yake vizuri sana, na sasa ndani yake anapika kitumbua cha kwanza na hakuna wa kukionja kama sukari imekolea.

Siku kumi zikapita bila neno. Zubeda alimwendea Jamali Keko, akamwomba radhi mbele ya mafundi walewale. Akarudi, akalala na simu kifuani. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia:

"Mama. Huku binti haishi mbali na mama yake. Kila mtu ananiuliza mama yako yuko wapi, mbona hukuja naye. Sadallah anawaambia unakuja. Mie sijui niwaambie nini. Unakuja?"

Alisoma akiwa amesimama jikoni. Akazima jiko.

Dada wa steshenari pale Rangi Tatu, Bupe, ndiye aliyemjazia maombi ya pasipoti kwenye kompyuta. Yuliana alimsindikiza, akakaa pembeni akimshikia mkoba.

"Sababu ya safari, mama?"

"Kumwona mwanangu. Na kumwomba radhi mkwe."

"Nitaandika kutembelea familia."

"Andika hivyo."

Bupe akabonyeza, akasubiri, kisha akatazama mikono ya Zubeda iliyokuwa imeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Mama, unaogopa ndege? Maana nasikia meli nayo inaanza. Utapanda ipi?"

"Naogopa vyote, mwanangu," Zubeda akasema. "Niangalizie kinachoondoka mapema."