Jina la Kwanza Kwenye Mkopo

Jumapili baada ya misa, Wivine alikuwa anasonga bukari, ugali wa huko. Katongo, mume wake, aligeuza samaki juu ya makaa. Walikuwa wamepanga nyumba Kasungami, mtaa wa Lubumbashi, na mwenye nyumba alitaka watoke kabla ya mvua, maana mtoto wake anaoa. Ng'ambo ya barabara ilisimama nyumba yao wenyewe, kwenye kiwanja cha Wivine. Kuta zilikuwa tayari. Paa, hakuna. Bila mkopo, mvua ingezikuta kuta hizo wazi, na wao wangekuwa nje.

Wivine ni muuguzi, mzaliwa wa Lubumbashi. Katongo ni fundi wa malori, Mzambia kutoka Chingola. Anakaa Kongo kwa viza ya kazi. Viza hiyo ni ya muda. Ikikaribia kwisha, anaomba nyingine.

Wiki iliyotangulia Katongo alikwenda benki peke yake kuomba mkopo kwa jina lake. Walikataa. Viza yake ingekwisha kabla ya mkopo kulipwa. Alirudi nyumbani na hasira.

Rigobert, kaka mkubwa wa Wivine, alikuja kula. Aliposikia habari hiyo, alicheka.

"Shemeki, unajisumbua bure. Kibemba cha Chingola na cha Sakania iko kimoja. Sema ulizaliwa Sakania, huku kwetu Kongo. Miye nitakutafutia karatasi, na kesho weye ni Mukongomani."

Katongo aliendelea kula. Wivine alimtazama. Aliona kwamba mume wake hakukataa, na hofu ikamshika.

Kaka yake alipoondoka, Wivine alimwita jirani yao Daniella, anayefanya kazi ya mikopo katika ushirika wa akiba. Daniella alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Katongo, viza ya muda haikufungii mlango," alisema. "Uongo ndio unaufunga. Karatasi ile ikijulikana, mkopo unapotea, viza inapotea, na weye unaweza kufungwa. Wivine atabaki na kuta."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Katongo.

"Banki inajiuliza: huyu akiondoka, nani atalipa? Jibu iko pale, inaosha sahani."

Wivine alicheka, mikono ndani ya maji.

Daniella alieleza polepole. Wivine ni raia, ana mshahara, na kiwanja kina jina lake. Yeye aombe mkopo kama mkopaji wa kwanza. Katongo awe wa pili, na alete mkataba wake wa kazi. Viza aiombe upya mapema, asingoje siku za mwisho. Kila benki ina masharti yake, kwa hiyo waulize kwanza, halafu ndipo watie sahihi. Kisha aliuliza kama walifunga ndoa komine, kwenye ofisi ya serikali. Hapana. Mahari ililipwa, padri aliwabariki, lakini komine hawakufika.

"Basi kwa banki, mungali wachumba," alisema Daniella.

Katongo aliinamisha kichwa. "Jina la mwanamuke mbele? Bantu batasema miye ndiye nimeolewa."

"Baseme," alijibu Wivine. "Mvua ikinyesha, habatakuja kutufunika."

Katongo aliinua kichwa. Halafu aliuliza komine inafunguliwa saa ngapi.

Walifunga ndoa komine mbele ya mashahidi. Bosi wa Katongo alimsaidia kuomba viza upya. Ndipo wakaenda benki, wote wawili. Karani aliuliza Katongo alizaliwa wapi. Wivine alimgeukia mume wake.

"Chingola, Zambia," alisema Katongo, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Karani aliandika, akauliza swali jingine. Walingoja majibu, wakaitwa kuleta karatasi nyingine, wakangoja tena. Mwishowe mkopo ulikubaliwa. Wivine alitia sahihi, akampa mume wake kalamu.

Mvua ya kwanza ilipiga juu ya mabati mapya. Ndani palikuwa pakavu. Rigobert alifika mbio, amelowa, akagonga mlango.

"Shemeki, fungua. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya Wivine," alijibu Katongo. "Miye ni bwana ya mwenye nyumba. Ingia, lakini toa viatu."